Katazo na Kimbilio: Maneno juu ya Afya ya Mama Apigwaye Nyumbani

(Hotuba iliyosomwa na karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa mwaka hapa Eliye Springs, na kupigwa chapa humu kwa agizo la Halmashauri)



Kila mwaka kazi ya karani katika mkutano huu ni kuwasomea hesabu: fedha zilizoingia, fedha zilizotoka, waliosaidiwa katika maziko, na waliopewa nauli ya kwenda hospitali. Hesabu hizo zimo katika kitabu hiki, na mweka hazina yupo tayari kujibu maswali. Leo twaomba ruhusa tuseme juu ya neno moja tu lililomo katika daftari ya Mfuko wa Matibabu. Ni neno ambalo sisi wenyewe tumeliandika kwa mkono wetu mara nyingi kuliko tupendavyo kukiri. Neno lenyewe ni "ameanguka".

Wazee mwaijua daftari ile. Ina safu nne: tarehe, jina la mwanachama, sababu ya kuomba, na fedha zilizotolewa. Mama wa hapa Eliye akivunjika mkono yampasa kupelekwa Lodwar, zaidi ya kilomita 50 za mchanga na jua, na nauli ya pikipiki si kitu kidogo kwa mtu aishiye kwa kukausha samaki na kusuka vikapu vya mkoma. Basi mume huja kwetu, kwa kuwa mwanachama ni yeye, akatia sahihi au dole gumba, nasi humwuliza sababu. Hujibu, "Ameanguka." Ameanguka akishuka katika mashua; ameanguka akikata makuti; ameanguka usiku akienda chemchemini. Sisi huandika. Mama mwenyewe huwa amesimama nyuma ya mume, amejifunika uso, wala hatukupata kumwuliza hata mara moja. Siri ya mtungi aijuaye kata, nasi tulijifanya kama watu wasiojua hata kwamba mtungi upo.

Kuna mwaka tuliandika neno hilo mara mbili kwa mama mmoja. Mara ya tatu hatukuandika kitu. Mume alimpiga usiku, akaondoka usiku ule ule kwenda zake, na alfajiri majirani wakaja kuomba nauli. Tuliwaonyesha kanuni: fedha hazitoki pasipo sahihi au dole la mwanachama. Mtu aliyekuwa na haki ya kumwombea mama yule msaada alikuwa ni yule yule aliyempiga. Alikuwa na mimba kubwa. Walimpeleka siku ya pili kwa gari la samaki; mama alipona, mtoto hakupona. Jina lake hatutalitaja, na twaomba asitajwe na mtu. Tumelisema jambo hili kwa sababu kosa lilikuwa letu sisi tulioshika kalamu, na la kanuni tuliyoitunga sote.

Uchunguzi wa wauguzi

Tangu siku ile tumejitahidi kusoma na kuuliza. Tumeona ya kuwa jambo hili, ambalo twalidhania kuwa la nyumba moja moja, limekwisha kuchunguzwa kwa zaidi ya miaka 40, na ya kuwa walio mstari wa mbele katika uchunguzi huo ni wauguzi. Wala si ajabu. Daktari huliona jeraha kwa dakika chache. Muuguzi ndiye afungaye kidonda, akakesha na mgonjwa, na kuyasikia maneno yasemwayo usiku taa zikiwa zimepunguzwa.

Mmoja wao ni Bibi Jacquelyn Campbell wa Marekani, aliyekuwa muuguzi wa shule katika mji wa Dayton, jimbo la Ohio, kabla ya kuwa profesa wa uuguzi katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Alisoma majalada ya polisi ya wanawake waliouawa mjini humo, akaona ya kuwa mara nyingi aliyeua hakuwa mwizi wala mgeni. Alikuwa mume au mpenzi. Mwaka 1985 akatunga orodha ya maswali ambayo muuguzi aweza kumwuliza mama aliyepigwa, ili wapime pamoja hatari iliyo mbele yake. Kazi hiyo huanza kwa kalenda. Mama huwekewa kalenda ya mwaka uliopita, akatia alama kila siku aliyopigwa, na kuonyesha kipigo kilikuwa cha kiasi gani. Wako waliosema kwanza ya kuwa mapigo hayajazidi, na walipoziona alama zao wenyewe wakabadili jawabu. Mama wa kwetu asiyetumia kalenda ya karatasi aujua mwezi, na ayajua majira ya mvua na ya ukame. Kwa hesabu hiyo aweza kuulizwa na kujibu.

Mwaka 2003 Bibi Campbell na wenzake walitoa taarifa ya uchunguzi uliofanywa katika miji 11 ya Marekani. Waliwalinganisha wanawake waliouawa na waume au wapenzi wao na wanawake waliopigwa lakini wakabaki hai. Ilionekana ya kuwa mume mpigaji akiwa na bunduki karibu, hatari ya mama kuuawa huzidi mara 5. Na mwaka 2008 Bibi Nancy Glass, naye ni profesa wa uuguzi katika chuo hicho hicho, alionyesha pamoja na wenzake ya kuwa mama aliyewahi kukabwa koo na mumewe, hatari ya kuja kuuawa naye huzidi mara 7. Kukaba koo mara nyingi hakuachi alama yoyote shingoni, na kwa hiyo watu husema, "Hakuumia." Wazee wetu, sisi twakaa katika nchi ambayo bunduki huwekwa nyumbani kwa ajili ya wezi wa mifugo. Twaomba mzishike hesabu hizo mbili, kwa maana tutazirudia.

Tena kipigo hakiishii kwenye jeraha. Mwaka 2002 Bibi Campbell alikusanya katika jarida la Lancet matokeo ya tafiti nyingi juu ya afya ya wanawake wapigwao: maumivu ya kichwa na ya mgongo yasiyokoma, maradhi ya tumbo, maradhi ya njia ya uzazi, kukosa usingizi, hofu, na huzuni kuu ya moyo. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu zake. Wanawake waliotendewa ukatili na waume au wapenzi wao walikuwa karibu mara 2 zaidi ya wenzao katika kupatwa na maradhi ya huzuni. Hatari yao ya kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo ilizidi kwa asilimia 16. Na katika baadhi ya sehemu za dunia walizidi wenzao kwa mara 1.5 katika kuambukizwa virusi vya UKIMWI. Basi mama akija zahanati mara kwa mara kwa maumivu ya kichwa, na dawa zisimsaidie, huenda maradhi yenyewe hayamo kichwani. Mficha maradhi, kifo humfichua. Na kwetu maradhi haya huyafichi wewe mgonjwa peke yako, hufichwa na kijiji kizima.

Je, hii ndiyo desturi?

Yawezekana mzee mmoja akatujibu: "Wanangu, mambo haya ni ya Wazungu. Kwetu mume kumwonya mkewe ni desturi, na dunia yote ndivyo ilivyo." Jambo hili nalo limechunguzwa. Shirika la Afya Duniani lilituma watu wake kuuliza wanawake zaidi ya 24,000 katika nchi 10, na taarifa ikatolewa mwaka 2005. Walioulizwa walikuwa wa mataifa mbali mbali: Japani, Samoa, Peru, Bangladesh, Namibia, na majirani zetu Ethiopia na Tanzania. Waliowauliza walikuwa wanawake waliofundishwa kazi hiyo. Waliuliza faraghani, na mtu akiingia walibadili mazungumzo wakasema mambo mengine, ili mama asije akapata madhara kwa sababu ya kujibu.

Katika mji mmoja wa Japani, wanawake waliosema wamewahi kupigwa au kulazimishwa kingono na mume au mpenzi walikuwa asilimia 15. Katika wilaya moja ya mashambani ya Ethiopia walikuwa asilimia 71. Dar es Salaam walikuwa asilimia 41, na Mbeya asilimia 56. Hapa kwetu Kenya, uchunguzi wa taifa juu ya hali ya watu na afya wa mwaka 2022 ulionyesha ya kuwa asilimia 34 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa na mtu tangu walipotimiza umri wa miaka 15.

Sasa tuzipime hesabu hizo kama watu wa akili. Kama kumpiga mke kungekuwa ni tabia ya kuzaliwa nayo ya kila mwanamume, hesabu ingekuwa moja kila mahali, kama vile watoto wanavyoota meno kila mahali. Lakini hesabu ya nchi moja ni zaidi ya mara nne ya hesabu ya nyingine. Wanaume wa Japani wana mikono kama ya wanaume wa Ethiopia. Basi kinachotofautisha ni yale ambayo watu wa mahali wanayaruhusu na yale wanayoyakataza. Nayo hayo, wazee, yamo mikononi mwenu.

Katazo na kimbilio

Mwaka 1992 Bibi Campbell, pamoja na mabibi wawili wataalamu wa mila za watu, Dorothy Counts na Judith Brown, walitoa kitabu kilicholinganisha jamii nyingi za dunia: watu wa Guinea Mpya, watu wa kisiwa cha Mayotte karibu na Komoro, Wakung wa jangwa la Kalahari, na wengine wengi. Walitaka kujua kwa nini mahali pengine kofi la hasira huishia pale pale, na mahali pengine huzidi hata mke akavunjwa au akauawa. Waliona ya kuwa karibu kila mahali yuko mume aliyewahi kumpiga mkewe. Lakini mambo mawili yalisaidia kuzuia kipigo kisikue. La kwanza ni katazo: watu wa nje wanaoingilia, na aibu impatayo mpigaji. La pili ni kimbilio: mahali ambapo mama aweza kwenda usiku ule ule na kupokewa pasipo maswali mengi.

Bibi Patricia Draper, aliyeandika juu ya Wakung, alikuwa amewaona wakiishi katika makambi madogo, vibanda vikiwa karibu karibu na maisha yote yakiwa nje, mbele ya macho ya watu. Ugomvi ukianza, hapana pa kuuficha. Walio karibu huinuka. Tulipoyasoma hayo tulifikiri juu ya awi ya babu zetu. Nyumba za wake zilikuwa za fito na makuti, na kilio hakikuwa na ukuta wa kukizuia. Mama mkwe alikuwa hatua chache, wake wenza walikuwapo, na watoto walilala nje. Hatusemi ya kuwa zamani hakuna mke aliyepigwa. Tukisema hivyo wazee mtatucheka. Twasema ya kuwa mpigaji wa zamani alikuwa na watazamaji, na baba wa mke alikuwa na njia ya kuitwa.

Leo tumehamia mjini. Lodwar na Kakuma tumejenga nyumba za mabati zenye mlango mmoja na kufuli. Jirani ni mtu wa kutoka mbali, naye husema, "Ya ndoa yana wenyewe." Ukame wa mwaka 2020 hadi 2022, ambapo mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, umewaua mifugo, mume aliyekuwa mwenye ng'ombe na ngamia sasa hukaa mjini mchana kutwa hana la kufanya, na chang'aa iko karibu. Hayo ni kweli na yanahuzunisha. Huko Rakai, Uganda, wachunguzi walioandika mwaka 2003 waliona ya kuwa mume akilewa, hatari ya mke kupigwa huzidi sana. Hata hivyo njaa ile ile inamuuma na mama, na mama hampigi mtu. Njaa yaeleza hasira ya mume, haimpi ruhusa.

Na kimbilio je? Binti akirudi kwa baba yake, mara nyingi mifugo ya mahari imekwisha kugawanywa kwa wajomba na ndugu, na mingine imekufa. Kila mtu anaogopa kudaiwa. Kwa hiyo humwambia binti, "Rudi, vumilia." Wamrudisha kwa kuogopa deni la mbuzi, nao huenda wakamzika kwa gharama kubwa zaidi.

Tazameni Kakuma. Kambi ile ilianzishwa mwaka 1992, walipofika vijana wa Sudan waliokimbia vita. Tangu hapo wamekuja Wasomali, Wakongo, Warundi, Waethiopia na wengine. Katika benchi moja la zahanati wameketi akina mama wa lugha nyingi, kila mmoja na mila zake za ndoa, na jeraha ni lile lile. Shirika la Wajesuiti la kuwahudumia wakimbizi liliendesha huko kwa miaka mingi nyumba ya hifadhi kwa wanawake na watoto waliokuwa hatarini. Na katika makambi ya Dadaab, wauguzi walijaribu jambo jepesi: kumwuliza faraghani kila mama aliyefika zahanati kama ametendewa ukatili, na kumwelekeza penye msaada. Kabla ya hapo watu waliogopa ya kuwa akina mama watachukizwa. Taarifa iliyotolewa mwaka 2017 ilionyesha ya kuwa walio wengi walikubali kuulizwa. Walikuwa wakingoja swali.

Wala msidhani ya kuwa mambo haya hayabadiliki. Mjini Kampala, shirika la Raising Voices lilitunga mpango uitwao SASA!, wa kuwafundisha majirani wa kawaida, wanaume kwa wanawake, wazungumze na wenzao vibarazani, sokoni na vilabuni juu ya matumizi mabaya ya nguvu. Mpango huo ulijaribiwa katika mitaa kadhaa, na mitaa mingine ikaachwa kwanza ili ilinganishwe. Matokeo yalitolewa mwaka 2014: katika mitaa iliyopata mafundisho, wanawake waliopigwa na waume zao katika mwaka uliopita walikuwa pungufu kwa asilimia 52 kuliko katika mitaa mingine. Hawakuletwa askari wengi, wala hawakujengewa gereza jipya. Majirani walijifunza kuinuka.

Mti wa wazee, na mambo usiyoyaweza

Sasa twafika mahali pagumu, na twaomba mtuvumilie sisi tulio wadogo kwenu. Mizozo mingi ya ndoa huletwa chini ya mti wa wazee, na ninyi mmeziponya nyumba nyingi ambazo mahakama ingezivunja. Wala hatuombi mti ule ukatwe. Lakini yako mambo matatu ambayo haufai kuyangojesha, wala kuyamaliza kwa mbuzi.

La kwanza ni mama au binti aliyenajisiwa. Dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI ni lazima aanze kuzinywa kabla ya saa 72 kupita. Saa 72 ni siku tatu. Kikao kimoja cha kumngoja mjomba afike kutoka malishoni kinazimaliza zote. Mama yule aende hospitali kwanza, asioge, wala nguo zake zisifuliwe. Wazee wazungumze baadaye. Tena kosa hilo, kwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006, si la kusamehewa kwa mifugo.

La pili ni mama aliyekabwa koo. La tatu ni mama aliyetishwa kwa bunduki, panga au mkuki. Mmezisikia hesabu za wauguzi. Mambo hayo mawili ni kama nyufa za ukuta kabla haujaanguka, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa wote hao kuna fomu ya P3 ijazwayo na polisi na daktari, na kuna Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015, ambayo humpa hakimu uwezo wa kumwamuru mpigaji akae mbali na mama. Aliye mbali na kituo aweza kupiga simu nambari 1195 pasipo malipo. Sheria hiyo humkinga na mwanamume pia, kwa maana wako wanaume wapigwao nao huona haya kusema.

Yale tuyaombayo

Bwana Mwenyekiti, hatukuja kulia mbele yenu na kuondoka. Kwa idhini ya Halmashauri twaleta maombi manne, nayo yatapigiwa kura baada ya chakula.

Kwanza, kanuni ya Mfuko wa Matibabu ibadilishwe, ili mke wa mwanachama aweze kuomba nauli ya hospitali kwa sahihi au dole lake mwenyewe, akishuhudiwa na wawili wa kamati ya akina mama. Mume aarifiwe baadaye, wala asiwe mlango ambao msaada haupiti ila kwake.

Pili, daftari iandikwe kweli. Mama aulizwe peke yake, na mwanamke mwenzake, mbali na mume na mbali na karani. Akitaka kusema "nimepigwa", iandikwe hivyo. Asipotaka, asilazimishwe, na nauli atapewa. Ukurasa huo uwekwe chini ya kufuli, wala usisomwe barazani. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2014 kitabu cha mwongozo kwa wauguzi chenye mambo matano ambayo hata asiye muuguzi aweza kuyashika: kumsikiliza, kumwuliza anahitaji nini, kumwonyesha ya kuwa anasadikiwa na hana lawama, kuangalia usalama wake usiku wa leo, na kumwunganisha na watakaomsaidia. Hakuna hata moja katika hayo linalohitaji fedha.

Tatu, ziwepo nyumba tatu za kimbilio, moja hapa Eliye, moja Lodwar na moja Kakuma. Hatusemi zijengwe. Twasema wapatikane bibi watatu wenye heshima, ambao mlango wao utafunguka usiku, na ambao hakuna mume atakayethubutu kuwafuata kwa fimbo kwa kuwa nyuma yao yuko Chama kizima. Chama kiwape unga na mafuta ya taa. Na baba wa mke asidaiwe mahari na mtu yeyote kwa sababu tu binti yake amelala huko.

Nne, na hili ni lenu peke yenu, wazee: mtamke katazo. Mseme mbele ya watu ya kuwa mwanachama akisikia kilio usiku na akakaa kitandani, amevunja desturi ya Waturkana, wala hakuitunza. Aliye karibu aende, na asiende peke yake, abishe hodi kwa sauti kubwa, aombe moto au maji, mradi mpigaji ajue ya kuwa anasikiwa. Na ikijulikana ya kuwa katika nyumba ya ugomvi mna bunduki, wazee waiondoe kabla ya kuuliza nani mwenye makosa. Sisi vijana tukilisema neno hili, tutaambiwa tumeharibiwa na shule za misheni. Likisemwa na ninyi, litakuwa sheria.

Wazee wetu na akina mama, ardhi yetu ni kavu, lakini hapa Eliye Mungu ametupa chemchemi. Hakuna aliyeichimba, na hakuna mgeni aliyewahi kunyimwa maji yake, awe rafiki au mtoto wa adui. Baba zetu waliona ni aibu mtu kufa kwa kiu kando ya maji haya. Tunachoomba ni kwamba ionekane kuwa aibu kama hiyo mama kuvunjwa mifupa kati ya majirani wenye masikio.

Daftari mpya ya mwaka ujao iko mezani. Tumekwisha kuichora mistari, na safu ya tatu, ile ya sababu, tumeipanua. Twaingoja kura yenu.